Mchele na Bega la Papa

Asubuhi papa, baba yangu, alipochelewa kurudi kutoka maporomokoni, nyumbani tulikuwa tunasema anagombana na samaki. Sisi ni Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto. Papa alikuwa na mahali pake kwenye miti iliyosimikwa ndani ya maji yanayokimbia, na tenga lake la kunasia samaki lilimzidi kimo. Alilivuta kwa kamba ya msituni iliyopita juu ya bega la kulia. Bega lile lilikuwa limeota sugu, mstari mnene mweusi kutoka karibu na shingo hadi kwapani. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuukwaruza kwa ukucha. Hakusikia kitu, na tulicheka wote wawili.

Kisha waasi wakaingia Kisangani, wakakaa, wakafukuzwa. Wanajeshi wa serikali waliowafukuza wakaufunga mto. Walisema waasi wanavuka kwa mitumbwi yetu, na aliyeonekana majini alipigwa risasi. Sasa mvuvi asiyevua anakula nini? Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, bila mafuta, mpaka mdogo wangu Anjela akaanza kuvimba miguu.

Ndipo tukasikia serikali inagawa mchele Kabondo, kwenye uwanja wa shule. Ila mwenye nyumba aje mwenyewe kuandikishwa. Asipokuja, watu wake hawapati.

Sharti hilo sikulipenda hata kidogo. Nilikuwa msichana wa kuolewa, mkaidi, na miezi ile ilinifundisha kutomwamini mtu. Mchele unabebwa na yeyote mwenye kichwa, kwa nini wamtake mwenye nyumba? Nikaenda kwanza peke yangu kuchungulia. Niliona wanaume wakitoka na vikapu vizito, wakitabasamu. Nilijaribu kuangalia kama wote walioingia wanatoka, lakini watu walikuwa wengi mno, wakanipotea.

"Papa, usiende," nilimwambia niliporudi. "Ile kitu iko mutego."

"Mutego?" Akacheka. "Mie njo mwenye kutega, mwanangu. Nitashindwa kuona mutego ya wengine?"

Mama alifunua kitenge akamwonyesha miguu ya Anjela. Papa akavaa shati lake la kanisani, nami nikamfuata na kikapu.

Karani alikuwa mtu mpole. Alimuuliza papa jina, mtaa, watoto, akaandika, akasema, "Bon, papa, mupite kule, watawapimia." Moyo wangu ukatulia kidogo. Nilianza hata kujicheka.

Karibu na magunia alisimama mwanajeshi. Hakuwa mtu wa mto wetu, na Kilingala chake kilikuwa cha mbali.

"Longola chemise."

Papa akavua shati.

Mwanajeshi aliliona bega. Akapitisha kidole juu ya sugu, polepole.

"Mandoki," alisema. Bunduki. Aliona alama ya mkanda wa bunduki.

"Hapana, chef. Ni kamba ya kuvuta kitunga ya samaki. Mie iko muvuvi. Twende ku maji, nitakuonyesha."

Mwanajeshi akatazamana na wenzake.

"Bon. Twende ku maji."

Walimpandisha lori. Papa akanitupia shati lake.

"Shika. Lisilowe."

Njia ya maporomoko ilikuwa upande wa kulia. Lori likakata kushoto.

Nilibaki nimesimama mpaka karani aliponiita. "Papa yako alikuja mwenyewe," alisema. "Donc, fungu yake pia iko." Akapima haki yetu yote, na ya papa, bila kupunja. Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, nisiione. Nilimchukia kuliko yule mwanajeshi.

Nyumbani mama aliunusa mchele ule, akautandaza kwenye ungo, akauchambua punje kwa punje. Sasa na yeye alikuwa haamini kitu. Ulikuwa mchele mzuri, hauna hata jiwe. Tulilia, tukaupika, tukala.

Miguu ya Anjela ilipungua, na leo ana wajukuu. Papa alitoka kumtafutia chakula, na chakula kilipatikana. Hilo siwezi kulikana. Yeye hakurudi. Mama alizunguka kambi zote akiuliza, na hakuna aliyekubali kuwa amewahi kumwona. Kaburi hatukuonyeshwa.

Mto ulifunguliwa baadaye, na watu huniambia yale yamepita. Labda. Mahali pa papa sasa anasimama mwanangu wa kwanza, na begani ameota mstari uleule. Akitoka majini ananikuta ukingoni na shati mkononi. Ananitania kuwa namfanya mtoto mdogo. Lakini simwachi apande barabarani mpaka amefunga vifungo vyote.