Pumzi ya Jirani

Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha kusaga mawe meupe, nje kidogo ya Kitengela ukielekea Kajiado. Miaka ile ya mwisho ya tisini, vichaka vyote vya miiba karibu na kiwanda vilikuwa vimefunikwa vumbi. Mmasai aliyetuletea maziwa aliacha kulisha ng'ombe wake upande ule.

"Nyasi ya huko inakohoza ng'ombe," aliniambia.

Ng'ombe walipata wa kuwaonea huruma. Wangu mimi alirudi kila jioni na nyusi nyeupe, akikohoa mpaka ploti nzima ya vyumba vya kupanga inanyamaza.

"Niko na kifua tu," alisema. "Ni hii baridi ya Kitengela."

Kisha tangazo likabandikwa: sista atakuja kutoka Nairobi na mashine ya kupima mapafu, na kila mfanyakazi atapuliza mrija wake. Kabla ya saa ya chai, uvumi ulikuwa umeenea kwamba atakayepuliza vibaya anafutwa kazi. Aliyeuanzisha simjui, ningemjua ningemtandika kwa mwiko.

Jirani yetu wa mlango wa pili aliendesha lori la kiwanda hicho hicho. Jumapili alipiga tarumbeta kubwa katika bendi ya kanisa, na kifua chake kilikuwa pipa. Kadi za kazi wakati huo hazikuwa na picha. Siku ya kupimwa, asubuhi alipuliza kwa kadi yake. Mchana akajipaka vumbi usoni, akapanga foleni tena na kadi ya mume wangu.

Jioni waliingia kwangu wakicheka.

"Shemeji, leo bwana yako ako na mapafu ya fahali!" jirani alisema.

Sikucheka. Niliwakumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

"Wacha hiyo maneno," mume wangu akasema. "Kazi ikienda, watoto watakula methali?"

Nikawapakulia ugali, nikiubamiza kwenye sahani.

Majibu yalipotoka, hakuna aliyefutwa. Waliopuliza vibaya walihamishiwa nje, kwenye hewa: wengine getini, wengine kumwagilia maua ya ofisi. Mume wangu, mwenye mapafu kuliko wote, akapelekwa chumba cha kuchekecha unga wa mawe. Humo, alisema, humwoni mtu aliye kando yako. Niliingiwa na hofu ambayo haikunitoka tena. Nilimsihi aende kwa meneja aseme ukweli.

"Nikisema, jirani atafutwa kwa ajili yangu," alinijibu. "Watoto wake nitawaangalia na macho gani?"

Jumatatu akaenda chumbani humo, na Jumatatu nyingine zote. Nyumbani alianza kulala akiwa ameketi, mito miwili mgongoni.

Mwaka uliofuata kadi zilikuwa na picha, ikambidi apulize mwenyewe. Sista alidhani mashine imeharibika. Alibadilisha mrija, akaigonga mashine kwa kiganja, akamwambia arudie. Mwishowe akamuuliza mwaka jana aliwezaje. Haya yote mume wangu alinisimulia akiwa ameketi kitandani na viatu vyake, kwa maneno mafupi mafupi. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Pumzi ya kumjibu ningetoa wapi?"

Wakampa kazi ya getini. Aliifanya mpaka Pasaka, tukamsafirisha kwao magharibi kumzika.