Moto wa Beryl na Koti la Meya

Beryl Thwaite alipohamia kijijini kwetu Chantegrelle, Ufaransa, na mumewe Clifford, maneno yake ya Kifaransa yalikuwa matatu: mkate, divai na samahani. Hayo yalimtosha kununua dukani kwangu karibu mwaka mzima. Alikuja kila asubuhi amevaa viatu vya bustanini, akaagiza mkate, akaomba samahani hata pale ambapo mwenye kosa nilikuwa mimi.

Alikuwa amestaafu. Maisha yake yote ya kazi alipikia watoto wa shule ya msingi katika mji mmoja wa viwanda vya sufu, kaskazini mwa Uingereza, na mikono yake ilishazoea masufuria makubwa. Mpaka leo hajui kupika supu ya watu wawili, na sisi majirani zake hatujawahi kumlalamikia kwa hilo. Clifford yeye alikuwa fundi wa mabasi. Walihamia kwetu kwa sababu alitaka nyumba yenye ghala la kutandazia vyuma vya pikipiki zake kuukuu, na kwao ghala la namna hiyo lisingenunulika.

Walizoea. Beryl alijifunza lugha sokoni, ikawa lugha ya kuchechemea lakini inayofika inakokwenda. Alijua nani hasemezani na nani. Alijua ng'ombe wa nani wamevuka ua wa nani. Ila kila ulipofika mwezi wa Novemba, tarehe tano, alikuwa mtu mwingine. Angeingia dukani, achukue mkate wake, kisha asimame tu akitazama vioo vya dirisha.

Mwaka mmoja nikamuuliza, "We Beryl, una nini leo?"

"Leo kwetu ni usiku wa moto."

Akanieleza. Zamani sana mtu mmoja na wenzake walificha mapipa ya baruti chini ya bunge ili wamlipue mfalme. Wakakamatwa kabla hawajawasha utambi. Tangu hapo, kila mwaka usiku ule watu huwasha moto mkubwa, hutengeneza sanamu la majani na kulichoma, hupiga fataki na kula nje kwenye baridi.

"Ukifungua mlango usiku ule, mji mzima unanuka baruti," akasema. "Watoto wananuka moshi mpaka wiki inayofuata. Hapa nafungua mlango namsikia bundi."

"Bundi ana ubaya gani?"

"Hana ubaya, Josette. Ila halipuki."

Niliporudi nyumbani maneno yale hayakunitoka. Kesho yake nikamwambia, mwaka ujao usisimame dirishani, washa huo moto wako. Akacheka akasema Meya hatakubali. Nikamwambia Meya ni Fernand Lacombrade, nilisoma naye, alikuwa anakula gundi darasani. Hawezi kututisha.

Ndivyo tulivyojikuta ofisini kwa Fernand mwezi wa Septemba uliofuata, mimi, Beryl na Clifford. Fernand ni mfugaji, mtu mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, lakini akikaa nyuma ya meza ile hujikunja kidogo ili afanane na serikali.

"Bwana Meya, mimi nataka kuwasha moto kikubwa," Beryl akasema. Akihangaika, vilema vya lugha yake humrudia vyote kwa pamoja.

"Kikubwa kiasi gani?"

Beryl akatazama dari. "Kuliko hapa."

Fernand naye akatazama dari. Kisha akaomba aelezwe, akaelezwa habari yote, mapipa na mfalme na utambi. Akasikiliza huku akikuna kidevu.

"Kwa hiyo huyo bwana alitaka kulipua bunge."

"Ndiyo."

"Akashindwa."

"Akashindwa."

"Na nyinyi mnasherehekea kwamba alishindwa." Akanigeukia. "Josette, nimesikia vizuri? Maana sisi hapa tungesherehekea kama angefaulu."

"Umesikia vizuri. Kila mtu na kwao."

"Na huyo bwana alikuwa wa dhehebu gani?"

Clifford, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tuingie, akashikwa na kikohozi. Fernand ni Mkatoliki wa kwenda kanisani Pasaka na mazishini. Huyo wa mapipa alikuwa Mkatoliki pia, na jambo hilo lilikuwa sehemu kubwa ya ugomvi wenyewe.

Beryl akanyoosha mgongo. "Bwana Meya, mimi ni mpishi. Mambo ya madhehebu waulize wenye vitabu. Mimi nakuuliza, unakula soseji?"

"Nakula."

"Basi karibu saa moja jioni."

Fernand akatoa masharti mawili. La kwanza, wazimamoto wa kujitolea wa kijiji wawepo na gari lao. La pili, moto auwashe yeye mwenyewe, kwa kuwa haiwezekani kijiji kikawa na moto mkubwa kuliko ofisi ya Meya halafu Meya amesimama pembeni kama mgeni. Beryl akampa mkono.

Oktoba nzima ikawa ya kukusanya. Clifford alirundika mbao mbovu za ghala lake kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, watu wakaleta matawi ya miti waliyopogoa, mwingine akaleta kabati lililoliwa na mchwa. Fataki zilitupa taabu, maana kwetu huuzwa mwezi wa Julai tu, kwa ajili ya sikukuu ya taifa. Mathieu Peyrot, mkuu wa wazimamoto, akakumbuka kuwa klabu ya mpira ilibakiza tatu stoo. Kwamba ni yeye, mzimamoto, ndiye aliyekwenda kuzichukua, tulilicheka sana.

Na Beryl akatengeneza sanamu. Suruali kuukuu ya Clifford aliijaza majani makavu, kichwa akakishona kwa mfuko wa unga na kukichorea masharubu. Koti alilinunua kwenye mauzo ya mitumba ya parokia: koti la kijani la kodrai, vifungo vya pembe, zito, la heshima. Akalikalisha sanamu kwenye toroli mbele ya mlango wake, miguu mbele, kama mzee anayeota jua.

Nilipopita na kuliona nikasimama palepale. Lile koti nililijua, na kijiji kizima kililijua. Fernand alilivaa kwenye kila karamu ya wawindaji kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikageuka, nikamkuta Ginette, mkewe Fernand, yuko ng'ambo ya barabara na kapu lake. Ameweka kidole mdomoni.

"Usiniharibie," akaninong'oneza alipofika. "Nililitoa parokiani, yeye nimemwambia liko kwa fundi nguo mjini."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na ameamini?"

"Fundi mwenyewe ana sifa ya kuchelewesha." Akalitazama sanamu kwa raha isiyofichika. "Lilikuwa linanuka mbwa, Josette. Nimeishi na lile koti kuliko nilivyoishi na mama yangu."

Nikadhani Fernand angepita akaliona. Lakini Fernand hupita na gari lake akiwatazama ng'ombe wa watu, si matoroli. Na kila mwingine aliyelitambua alifanya kama nilivyofanya mimi. Alinunua mkate, akatabasamu, akaenda zake. Ni Beryl na Clifford tu wasiojua kitu.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, ikakatika mchana, na saa moja jioni uwanja ulikuwa na watu wengi kuliko siku ya uchaguzi. Beryl alikuwa amepika kana kwamba shule yake yote imemfuata. Kulikuwa na viazi vya kuokwa ndani ya karatasi ya foili, soseji, njegere za kupondwa za kijani kibichi ambazo watu walizipita kwa adabu, na keki nyeusi ya tangawizi, shayiri na molasi, ambayo huokwa siku kadhaa kabla ili ilainike. Fernand akakipima kipande chake mkononi.

"Hii inaliwa au inajengewa?"

"Tafuna kwanza, halafu ongea," Beryl akamwambia.

Akatafuna. Akachukua kingine, akakitia mfukoni.

Kisha akahutubia kidogo, na hotuba za Fernand sitazirudia. Clifford na Mathieu wakalibeba sanamu na kulikalisha juu ya rundo, kwenye kiti kibovu. Fernand akapewa mwenge uliolowekwa mafuta, ukawashwa, akausogeza karibu na kuni, akainua macho kumtazama huyo mhaini wa Waingereza kabla hajamchoma.

Mkono ukasimama hewani.

"Hilo koti nalijua," akasema.

Kila mtu uwanjani alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Mathieu, hebu angalia mkono wa kushoto. Kuna tundu la sigara?"

Mathieu akapanda, akaangalia kwa makini mno kwa mtu aliyekwisha kujua jibu. "Lipo, Bwana Meya."

Fernand akageuka polepole. "Ginette."

"Nipo."

"Fundi nguo anasemaje?"

"Anasema limemshinda," Ginette akasema, na hapo watu wakaanza kucheka. Kwanza waliziba midomo, mwishowe waliachia.

Beryl hakucheka. Nilikuwa karibu naye nikamwona amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Mwaka mzima wa kutamani jioni moja, na sasa anakaribia kuchoma nguo ya mwenyeji wake mbele ya umma. Akasogea mbele akikunjakunja aproni.

"Bwana Meya, samahani. Mimi kununua kanisani. Mimi sikujua nachoma wewe."

Kicheko kikazidi, naye hakuelewa kwa nini, akazidi kuwa mwekundu. Clifford akaja akasimama kando yake, akamshika bega.

Fernand akamkabidhi Mathieu mwenge, akapanda juu ya rundo mwenyewe, na mwili wake wote ule, kuni zikilia chini yake. Akalivua sanamu koti. Majani yakamwagika. Akateremka, akavua jaketi lake, akalivaa koti lake la miaka yote palepale mbele yetu, akavuta kushoto, akavuta kulia, akavuta pumzi ndani. Vifungo havikukutana na matundu yake. Nafasi iliyobaki ingetosha kupitisha paka.

Akabaki kajishika tumbo. Sasa halikuwa tena suala la mzaha; kila mtu wa umri wetu ana nguo kama ile kabatini.

"Tangu lini halinitoshi?" akamuuliza Ginette, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kusikia kwake.

"Karamu mbili za mwisho ulilivaa wazi, mume wangu. Ulisema unaona joto."

Fernand akafikiri. Akanusa kola. Akatikisa kichwa, nikaona mabega yanaanza kumtetemeka, nikajua anacheka. Akalivua, akapanda tena. Akalivisha sanamu taratibu, mkono mmoja kisha wa pili, akafunga vifungo vyote vya pembe mpaka cha shingoni, akalipangusa mabega.

"Yeye angalau linamtosha," akasema. "Beryl, mama, acha kulia. Mtu hachomwi kifua wazi mwezi wa Novemba, atapata baridi."

Beryl hakuwa analia mpaka alipoambiwa vile. Akalia kidogo, akajifuta kwa aproni, akasema kwa Kifaransa safi kabisa, "Basi washa, soseji zinapoa."

Fernand akauchomeka mwenge. Moto ukakataa. Kuni zilikuwa zimelowa. Akajaribu upande wa pili, ukafuka moshi, tukakohoa wote. Mwishowe wazimamoto wenyewe wakapiga magoti kuuzunguka, wakapuliza, wakachomeka magazeti, na Mathieu akawa anagomba, "Miaka yote hii nafundishwa kuzima. Msimweleze mtu wa makao makuu." Kabati la mchwa ndilo lililotuokoa. Lilishika kwa mlio kama wa nguo inayochanika, na mara moto ukapanda mpaka kwenye kiti, mpaka kwenye koti, na uwanja mzima ukawa wa rangi ya chungwa.

Fataki mbili zililipuka juu ya paa la ghala, ya tatu ikazomea tu na kufa. Tulizipigia makofi zote tatu.

Keki ya tangawizi iliisha yote. Njegere hazikuguswa mpaka wazimamoto walipoona njaa, wakazila kwa mkate wangu na kuomba zaidi. Clifford, ambaye kwa miaka ile sikuwahi kumsikia akisema sentensi nzima, alikaa na Fernand kwenye gogo wakazungumzia injini za trekta, kila mmoja kwa lugha yake, na wakaelewana kabisa.

Beryl alisimama mbali kidogo na moto, mikono ndani ya aproni, nywele zimejaa majivu. Nikamwendea.

"Sasa je? Ni kama kwenu?"

Akafikiri kwa uaminifu, ndivyo alivyo. "Kwetu hakuna divai," akasema. "Na hakuna mtu aliyewahi kuchoma koti la Meya. Labda wengine walitamani."

Asubuhi yake nilikwenda kuwasaidia kufagia. Ginette alikuwepo kabla yangu, reki kwapani, anaandika kwa kalamu kwenye mkono wake kiasi cha molasi ya ile keki alichotajiwa na Beryl, kwa sababu hakuwa na karatasi. Simu ikalia ndani. Alikuwa Hilary, dada yake Beryl, kutoka kule kwao. Beryl akaongea naye dirishani kwa lugha yao, akacheka, akaongea tena, akaweka mkono kwenye simu na kututafsiria.

"Anasema kwao mvua haikukatika. Wamefuta kila kitu. Wamekaa ndani wakatazama televisheni."

"Mwambie mwakani aje huku," Ginette akasema. "Aje na suruali za mumewe."

Beryl akamwambia. Tukasikia hata sisi, tulio nje na mareki yetu, jinsi yule mwanamke alivyoangua kicheko.