Saa ya Bwana Shauri na Barabara ya Makote

Siku yangu ya kwanza kazini sikupanda baiskeli hata kidogo. Niliifuta. Karani Mkuu wa boma la Masasi, mtu wa pwani mwenye miwani na maneno ya taratibu, alinikabidhi kitambaa, kopo la mafuta ya mashine na baiskeli nyeusi ya serikali. Akaniambia, "Kijana, hii si yako. Wewe ndiye wake. Ukiugua wewe tutapata tarishi mwingine. Ikiugua hii, itabidi tuandike Lindi." Nikaifuta mpaka jua likasimama utosini, na kufikia hapo nilikuwa nimeshika kila chuma chake.

Ninyi vijana hamkuziona baiskeli zile. Zilikuwa chuma kitupu. Gia ilikuwa moja, nyingine ulizitafuta mwenyewe kwenye mapaja. Breki ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kinyume. Kazi ya tarishi ilikuwa kupeleka mfuko wa barua za serikali kutoka Masasi hadi Newala, na Newala iko juu ya uwanda, ukingoni kabisa, mahali ambapo nchi inakatika ghafla na kuteremka mpaka bonde la Ruvuma. Nilikuwa naondoka alfajiri. Majabali ya Masasi yanatoka kwenye ukungu bila miguu, ndege bado hawajaanza kulia, na sauti pekee ni tairi ikisaga changarawe. Mara nyingi nilifika juu sikumbuki nilivyopita nusu ya njia. Niliipenda kazi ile, sioni haya kusema.

Halafu akaja Bwana Shauri mpya, Mwingereza wa kuamua mambo ya wilaya. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na kwao ujanani alikuwa mshindani wa baiskeli. Nafasi ya tarishi wa kukaa Newala ilipokuwa wazi, tuliiomba wawili, mimi na mwenzangu Kaisi. Bwana Shauri akasema hatachagua kwa maneno. Tutashindana na saa.

Tulidhani Kiswahili kimempotea. Akatueleza polepole: hatutaondoka pamoja. Mmoja ataondoka Masasi, baadaye kidogo mwingine, kila mtu peke yake, na Karani Mkuu atangoja Newala na saa iliyolinganishwa na ya Bwana Shauri. Atakayetumia muda mfupi ndiye mwenye nafasi.

Kaisi akauliza, "Sasa bwana, nitajuaje kama nashindwa?"

"Hutajua," akasema Bwana Shauri. "Ndiyo uzuri wake."

Mimi niliitaka Newala kuliko Kaisi, na sababu yangu ilikuwa na jina. Somoe alikuwa binti wa Makote, kijiji kilichoko juu ya uwanda, njiani kabla ya kufika Newala. Kwa desturi za kwetu mwenye kauli juu ya binti ni mjomba wake, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Mjomba wa Somoe, Mzee Nangomwa, alikuwa ameniambia wazi: "Sina ubaya na wewe. Lakini simwozi mpwa wangu kwa mtu wa Masasi anayepita hapa kama upepo. Pata kazi huku juu, ujenge hapa, uje umchukue." Kwa hiyo nafasi ile kwangu ilikuwa ni Somoe.

Bwana Shauri alitufundisha sote wawili bila upendeleo. Kwanza alipandisha siti. Ukikaa, kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyoshuka kabisa, mguu uwe umenyooka. Kisha ukanyage kwa unyayo wa mbele, goti libaki limekunjika kidogo tu. Halafu akafungua usukani akaugeuza juu chini, mikono ikashuka karibu na magoti. "Adui yako ni upepo," akasema. "Jifanye mdogo. Viwiko ndani, mgongo ulale, kichwa chini." Tukawa tunapita mjini makalio juu, pua karibu na gurudumu. Karani Mkuu alitoka barazani akatutazama. "Mmeangusha sindano?" akauliza.

Vyote visivyosukuma baiskeli tulivifungua: keria, taa, kengele, madigadi. Nilikata vipande vya mpira wa ndani uliochakaa, nikafungia miguu kwenye pedeli, ili mguu mmoja unapokanyaga mwingine uvute. Tatizo lilikuwa tairi. Ukizijaza upepo zinaruka vizuri kwenye changarawe ya chini, lakini juu kwenye mchanga wa uwanda zinazama. Ukizilegeza, mlima unakumaliza kabla hujauona mchanga. Nilijaribu wiki nyingi mpaka kidole gumba changu kikajua ugumu wa katikati. Siku za tambarare tulikwenda Nanganga na kurudi, tukijifunza kujizuia, maana anayeanza kwa hasira humaliza kwa kusukuma. Siku za mlima tulipanda kona za barabara ya kwenda uwandani mpaka mapafu yakawaka. Maji nilibeba yangu kwenye kibuyu kidogo. Huku juu maji yanapandishwa kutoka bondeni vichwani mwa akina mama, na mtu mwenye akili haombi ovyo.

Siku ya mbio Kaisi alitangulia. Nilipoitwa, Bwana Shauri alinishikia siti, akatazama saa yake, akaniachia.

Sijui niwaelezeje. Kukimbia na watu kuna kelele. Kukimbia na saa kuna kimya ambacho sikukipata tena popote. Nilijizuia huko chini kama nilivyofundishwa, nikaumeza mlima kona baada ya kona, na nilipotokea juu mwili ulikuwa umeacha kulalamika. Mikorosho ilipita pande zote mbili, kijani na kivuli, kijani na kivuli, na nikaona kana kwamba nimekaa tu na barabara ndiyo inayokuja. Nilijua nakwenda vizuri. Nilikuwa na furaha kubwa.

Hapo Makote nikainua kichwa, nikaona kanzu nyeupe na bakora. Mzee Nangomwa alikuwa anatoka shambani, yuko kando ya njia, ananitazama usoni.

Mtu anayeposa hampiti mjomba wa mchumba wake akiwa juu ya baiskeli. Hilo halikuwa jambo la kufikiri. Nikakanyaga kinyume, nikasimama, nikaegemea mkorosho, nikafungua mipira ile miguuni, nikashuka, nikavua kofia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za Masasi?"

"Njema, mjomba."

"Mama hajambo? Wadogo zako? Mihogo imeshika huko?"

Nikajibu moja moja. Akaniuliza kama naumwa tumbo, maana aliniona nimejikunja. Alijua kuna mbio za baiskeli siku ile, lakini mbio kwake ni watu wengi wanaogombania mbele, na mimi aliniona peke yangu. Mtu aliye peke yake anashindana na nani? Akaniaga kwa utaratibu. Nikafunga tena miguu, na kuondoka kwenye mchanga ule, huku jasho limeshapoa, kulinimalizia nguvu niliyoiweka akiba kwa ajili ya mwisho.

Nilishindwa kwa kitambo kidogo sana, karibu sawa na salamu zile.

"Ulisimama?" Bwana Shauri aliniuliza alipofika Newala na saa yake. "Kwa nini?"

"Nilimwamkia mjomba wa mchumba wangu, bwana."

"Ungemwamkia kesho."

Karani Mkuu akakohoa. "Kesho, bwana, asingekuwa na mchumba."

Kaisi akahamia Newala. Jumapili nilikwenda Makote kumweleza Mzee Nangomwa kwamba kazi sikuipata. Somoe alikuwa nyuma ya ua anatwanga, akaacha kutwanga. Ilibidi nieleze mbio za mtu mmoja ni mbio gani. Mzee akawa anachora chini kwa bakora.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekula muda wako," akasema.

"Hukujua, mjomba."

"Sikujua. Lakini hata ningejua, nisingeweza kukuruhusu upite. Wenzangu wangeuliza mpwa wangu namwoza kwa nani." Kisha akasema sharti linabaki vilevile. Kuna mfanyabiashara wa Newala ameleta watu kumuulizia Somoe, naye amewaambia wangoje mpaka msimu mwingine wa korosho. Zaidi ya hapo hataweza kuwazuia. Niliondoka nimevunjika moyo kabisa, nikateremka mlima mzima nimekanyaga breki.

Msimu haujaisha, Kaisi akahamishiwa Mtwara. Nafasi ikawa wazi, na Bwana Shauri akatoa saa yake tena. Safari hii nilishindana na matarishi wawili wapya, vijana wenye miguu mizuri. Nilifanya yote kama mwanzo, siti, usukani, upepo wa tairi, lakini usiku sikulala kwa kuwaza barabara ya Makote. Nikikutana na mzee yeyote wa ukoo ule nitashuka. Hilo nililijua, na Somoe ataozwa yule mfanyabiashara.

Nilipotokea juu ya uwanda niliona kitu ambacho hata leo nakiota. Barabara ilikuwa tupu. Saa ile huwa na akina mama wenye maji kichwani, wazee wanaokwenda shamba, watoto wenye mbuzi. Hapakuwa na mtu. Moshi ulitoka majikoni, kuku walikuwa wanachakura, jembe lilikuwa limeachwa kando ya njia na udongo mbichi bado umeshika. Nikaogopa. Nikadhani kuna msiba, nikapunguza mwendo ili niulize.

Kisha nikaona miguu. Ilikuwa chini ya matawi ya mikorosho, ile inayogusa ardhi: miguu ya wazee, pindo la kanga, ncha ya fimbo. Mtu alikohoa humo ndani, mwingine akamnyamazisha. Kijiji kizima kilikuwa kimejificha.

Pale pale tulipokutana mwanzo alisimama Mzee Nangomwa na kanzu yake. Labda hakuona heshima kwa mtu wa umri wake kuingia chini ya matawi. Alikuwa amenipa mgongo, uso ameuelekeza kwenye shina la mkorosho, mikono nyuma na bakora ndani yake. Kwetu mgongo hauamkiwi. Asiyekupa uso hujakutana naye.

Nilipita. Miguu ilibaki imefungwa. Shikamoo niliisema chini kwenye usukani, na machozi yalinitoka, nayo yakakaushwa na upepo uleule niliofundishwa kuukwepa. Hakugeuka.

"Leo hukusimama," Bwana Shauri aliniambia huko Newala, baada ya saa yake na ya Karani Mkuu kulinganishwa na mimi kuonekana wa kwanza.

"Leo hapakuwa na mtu, bwana."

Nilimwoa Somoe, nikajenga Makote. Nilikuwa tarishi wa Newala mpaka Mwingereza akaondoka, kisha nikaingia posta, nikawa mkubwa wa wapeleka barua, nikawafundisha wengi kupima siti kwa kisigino. Mzee Nangomwa hakulitaja jambo lile maisha yake yote. Mara moja tu nilijaribu kumshukuru. Akasema, "Siku ipi? Nilikuwa naangalia kama ule mkorosho umeingiwa na wadudu." Akaomba aongezewe ugali.

Sasa nimestaafu na magoti hayapendi mlima. Baiskeli ninayo, na siku za soko naipeleka polepole. Kaburi la mzee liko kando ya barabara, na nikifika hapo nakanyaga kinyume, nashuka, navua kofia. Vijana wa pikipiki wanapita wakicheka, nami siwalaumu. Nasema shikamoo yangu kwa sauti. Kisha nampa habari za nyumbani zote, Somoe na mguu wake, watoto na wajukuu mmoja mmoja, mihogo ilivyoshika mwaka huu, bila haraka, mpaka ziishe.