Usimeze Nyuma ya Kioo

Hospitalini walimwita Usimeze, na wala hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ndani ya vichwa na shingo. Anamlaza mtu kwenye kitanda cha mashine, anamfunga kichwa kwa mkanda, anamwambia, "Usitikisike, usimeze mate," kisha anatoka. Anajifungia nyuma ya kioo kinene, na mtu aliyeachwa peke yake na hofu yake anageuka vipande vyembamba kwenye skrini, kama nyanya chini ya kisu: mfupa mweupe, ubongo wa kijivu, hewa nyeusi tii. Aliwahi kumpiga picha mheshimiwa mmoja, akatoka kuwaambia wenzake kwamba ubongo upo. Hawakumwamini.

Ubaya ni kwamba kazi ilimfuata nyumbani. Mkewe akianza kulia, yeye humwekea mto vizuri, humwambia atulie, kisha hutoka chumbani. Siku mwanamke alipochoka, alikusanya nguo zake, akasema, "Mimi si mgonjwa wako," akaenda zake. Nyumba ikabaki na kikombe kimoja kinachofanya kazi na viti vinne vinavyotazamana. Simu ililia kwa sababu mbili tu: kampuni ya simu ikimbembeleza anunue kifurushi, na dada yake mkubwa.

Basi dada huyo ndiye aliyekuja, na uvimbe chini ya taya.

"Nimekuja kwa mambo mawili," alisema, ameketi kwenye kitanda cha mashine akining'iniza miguu. "Shingo hii, na wewe. Kustaafu kwako ndiko huko kunakuja. Chumba cha uani kiko wazi. Njoo tuzeeke pamoja, tugombane kama zamani."

"Tutaongea, dada. Lala kwanza."

"Nitalala ukikaa humu ndani. Hili tundu lenu naliogopa. Mtu anasukumwa kama mkate kwenye tanuri!"

Ruhusa ilikuwepo. Ndugu wa mgonjwa mwoga hubaki chumbani akivaa aproni nzito ya risasi, yale madini yanayozuia mionzi. Leo yeye ni ndugu. Mitambo ataishika binti wa zamu. Akavaa aproni, akamfunga dada mkanda, akamshika kidole gumba cha mguu, mahali ambapo mkono hauharibu picha.

"Usinikimbie."

"Nikimbie niende wapi na mzigo huu? Haya, usitikisike. Usimeze mate."

Na miguu yake ikamtoa nje.

Hakukusudia, jamani. Alishtukia yuko nyuma ya kioo, aproni na yote, binti wa zamu amemkodolea macho.

"Mzee, si umesema leo wewe ni ndugu?"

Mashine ilishaanza kuzunguka. Kipaza sauti kikaleta sauti ya dada: "Bado upo?"

Akabonyeza kitufe. "Nipo."

"Muongo mkubwa! Sauti inatoka darini."

Ikabidi picha irudiwe, maana kuongea kumetikisa taya. Akaufungua mlango ili aingie.

"Baki huko huko," dada akasema. "Ndiko ulikozoea."

Safari hii alilala kimya, mgonjwa mzuri kabisa, na hilo ndilo lililomchoma ndugu yake. Vipande vikapita kwenye skrini: ulimi, taya, uti wa shingo. Upande wa kushoto wa skrini, yaani kulia kwa dada, kulikuwa na punje nyeupe pee. Picha hizi huonekana hivyo, kama mtazamaji amesimama miguuni pa mgonjwa. Miguuni pa mgonjwa! Hata kompyuta ilijua alipotakiwa kuwa.

Daktari akasema ni jiwe la mate, limeziba mfereji wa tezi. Litatolewa, yataisha.

"Jiwe?" Dada akacheka. "Ndiyo maana maneno yangu mazito."

Alasiri akamsindikiza stendi. Dada akakaa dirishani, midomo yake ikacheza nyuma ya kioo, ndugu yake hakusikia kitu. Mkono wa ndugu ukapapasa ubavu wa basi, ukitafuta kitufe cha kuongelea. Dada akasukuma dirisha likafunguka.

"Nimeuliza, unakuja au huji?"

Akameza mate. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kooni, ila yalizoea kupita kwenye waya. Basi likaondoka, dirisha lile likiwa wazi.

"Nakuja!" akapiga kelele, stendi nzima ikageuka.

Aliyemwitikia ni mpiga debe. "Hilo ndilo la mwisho leo, mzee. Kesho wahi."

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye viti vyake vinne.