Saa Niliyoichukua Kilosa

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya tamaa. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nilitumwa na kazi, au nilikwenda kumjulia hali ndugu mgonjwa. Mimi ni fundi saa, meza yangu iko barazani kwa fundi cherehani mmoja, na miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa kukusanya saa kuukuu za marubani, zile zenye mshale wa nne.

Kwa asiyezijua: saa hizo zina mshale wa saa, wa dakika na wa sekunde kama nyingine zote, kisha upo mshale wa nne, aghalabu mwekundu, unaozunguka mara moja tu kwa siku nzima. Kuzunguka kioo kuna pete yenye namba mpaka ishirini na nne. Ukiigeuza pete ile, mshale mwekundu unakusomea saa za nchi nyingine huku mishale ya kawaida ikikusomea saa za nyumbani. Rubani wa safari ndefu alizihitaji zote mbili. Mimi sikuwahi kupanda ndege hata siku moja, lakini saa kama hizo nilikuwa nazo sita. Mke wangu aliniuliza, "Baba Tumaini, kwani wewe una mikono mingapi?"

Habari za saa ya saba na ya nane aliniletea mteja wangu, karani wa reli. Ya saba ilikuwa Kilosa, mkononi mwa mzee mmoja, nayo ilitoka kwenye uwanja wa ndege wa shamba la mkonge. Ya nane, alisema, iko Mikumi kwa mpishi mmoja wa hoteli. Nikafunga vifaa vyangu kwenye kitambaa, nikaaga.

Jumanne asubuhi nilipanda treni, daraja la tatu. Tulipita Kimamba mkonge ukiwa umesimama pande zote mbili kwa mistari iliyonyooka, isipokuwa mashamba mengine magugu yalikuwa yameanza kuushinda. Jirani yangu, mama mwenye kikapu cha vitunguu vya kwao Lumuma vilivyobaki sokoni, alinieleza habari za kijiji chao kipya mpaka tukafika. Nilimwitikia tu. Akili yangu ilikuwa kwenye mshale mwekundu.

Kilosa nilishuka jua likiwa limepanda. Kijiji nilichoelekezwa kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, nyumba mpya zimepangwa mstari kando ya barabara, nyingine kuta zake bado mbichi. Siku hizo mgeni hakuingia kijijini kimyakimya. Nilipelekwa kwa mwenyekiti, akaisoma barua yangu ya utambulisho mara mbili, akaniangalia.

"Ndugu, umetoka Morogoro kutafuta saa?"

"Ndiyo, ndugu mwenyekiti."

"Sisi hapa tunatafuta misumari." Alicheka, akanionyesha nyumba.

Mzee niliyemfuata, Yeremia, nilimkuta anasimamisha nguzo za jiko. Alikuwa mrefu, mkimya, na saa ilikuwa mkononi mwake wa kushoto. Niliiona kabla sijaiona sura yake. Kioo kilikuwa kimefifia, lakini chini yake mshale mwekundu ulikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mkewe, Mama Eliya, alitoka na kigoda akanikalisha. Tulikula ugali kwa kunde, tukazungumza habari za mvua na za kuhama. Walikuwa wametoka milimani, walikozikwa wazazi wao, wakaambiwa huku bondeni ndiko kutakuwa na shule na zahanati. Shule ilikuwa imeanza kweli. Mama Eliya mwenyewe alikuwa akienda jioni kwenye madarasa ya watu wazima, naye akajisifu kidogo kwamba wenzake walipoanza na a, e, i, o, u, yeye namba alikuwa anazijua tayari.

"Alijifunza kwenye hii," Mzee Yeremia alisema, akiinua mkono wenye saa.

Ndipo nikapata nafasi ya kuuliza. Saa ile ilikuwa ya rubani aliyekuwa akiendesha ndege ndogo ya shamba. Mashamba yalipotaifishwa aliondoka, na saa akamwachia kijana aliyekuwa akimjazia mafuta, Eliya, mtoto pekee wa wazee hawa. Baadaye Eliya akachaguliwa kwenda Kanada kujifunza ufundi wa ndege. Siku ya kuondoka, pale stesheni ya Kilosa, aliivua akamvisha baba yake.

"Na huyo Eliya yuko wapi sasa?"

"Yuko Kanada," mzee akajibu, akarudi kwenye nguzo zake.

Nilimwambia nainunua. Alitikisa kichwa. Nikataja saa mpya nitakayomletea badala yake. Akatikisa tena, bila hasira. Hapo nikabadili njia, na hii ndiyo sehemu ninayoona haya kuiandika. Nilimwambia kwamba kioo kimefifia, ni aibu kifaa kizuri kuwa hivyo, acha nikisafishe bure. Nilijua ninachokifanya. Mtu ukimtendea wema usio na bei, kukunyima kunamwia vigumu.

Mzee alimtazama mkewe. Mama Eliya aliuvuta mkono wa mumewe karibu na macho, akaugeuza kwenye mwanga.

"Kweli siku hizi siuoni vizuri mshale," akasema. "Isafishe, mwanangu. Lakini usiisumbue."

Nilieleza kwamba pale kijijini vumbi la ujenzi lilikuwa jingi, kazi ya saa haitaki vumbi, nami nilikuwa na safari ya Mikumi. Ningeirudisha Alhamisi. Kisha mzee akaivua. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kuliko mkono mwingine wote. Mama Eliya alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo lingetosha kumwamsha mtu mwingine.

"Usiikawize," akasema. "Saa nane mchana nitakuwa naitazamia."

Mimi nikasikia: njoo Alhamisi saa nane.

Jumatano nilipata lori la kwenda Mikumi kwa njia ya kijiji cha Ulaya, nikakaa juu ya magunia ya pamba pamoja na wanaume wanne waliokuwa wakienda kutafuta kazi kwenye miwa ya Kidodi. Barabara ilitutikisa mpaka meno. Mmoja wao aliona jinsi nilivyokuwa nikishika mfuko wa shati kila tunapoingia shimoni.

"Kaka, umebeba mayai?"

Nilicheka nao, lakini mkono sikuutoa.

Mikumi nilimpata yule mpishi mapema. Alinikaribisha chai, akaingia chumbani, akatoka na kitu chake amekifunga kwenye leso. Nilikifungua kwa haraka. Ilikuwa dira ya kuvaa mkononi. Mshale mwekundu ulikuwapo, ndiyo, na ulielekea kaskazini.

"Haijawahi kwenda," mpishi akaniambia kwa huzuni. "Kila nikiitia majira inarudi palepale."

Nilimweleza ni kitu gani. Alifurahi sana, nami nikafurahi kwa ajili yake kadiri nilivyoweza. Lakini kukosa ile ya nane kulinizidishia njaa ya ile ya saba. Nilimwomba meza karibu na dirisha, akanipisha, nikafungua vifaa vyangu.

Ndugu zangu, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Kioo nilikisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini mpaka kikawa kama maji. Nilifungua mfuniko wa nyuma, mashine ilikuwa safi, inakwenda kwa raha. Ikabaki pete. Ilikuwa imegeuzwa upande, imegandamana na uchafu wa miaka, haizunguki hata kwa nguvu. Fundi yeyote angeona kwamba imejisahau pale. Niliinyanyua taratibu kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa na utando mweusi, jasho na vumbi vilivyoshikana. Niliusugua kwa mswaki na maji ya sabuni mpaka ukaisha, maji yale meusi nikayamwaga dirishani. Kisha nikaipachika pete mahali pake, alama yake ya pembetatu ikiwa juu kabisa, kama tulivyofundishwa. Saa ya mtu hurudishwa ikiwa imenyooka. Hiyo ndiyo adabu ya kazi yetu.

Mpishi aliiangalia, akasema inaonekana kama imetoka dukani. Nami nikajiona fundi.

Alhamisi lori la kurudi Kilosa lilitoka mapema. Kijijini niliingia saa saba na kitu. Mzee Yeremia alikuwa amekaa mlangoni bila kazi yoyote, na kwa mtu wa namna yake hilo lilikuwa ajabu. Nilimkabidhi saa kwa mikono miwili. Aliigeuza juani, akatabasamu, akaita, "Mama Eliya, njoo uone. Inang'aa!"

Mkewe alitoka akijifuta mikono kwa kanga. Hakuivaa. Aliiweka kwenye mapaja, akakaa kwenye kigoda, akainama. Nilidhani anastaajabia kioo. Muda ukapita. Mimi nilikuwa nikipanga maneno yangu, namna ya kuanza tena habari za kubadilishana, wakati alipoinua kichwa.

"Baba Eliya, sasa ni saa ngapi?"

Mzee aliinama. "Saa nane kamili."

"Mbona mwekundu hauko kwenye sita?"

Mzee aliichukua, akaitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika polepole. Akanigeukia.

"Mwanangu, pete umeigeuza?"

"Ndiyo, mzee. Ilikuwa imekaa upande. Nimeinyoosha."

Hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea. Mzee Yeremia alinieleza kwa sauti ileile ya kuzungumzia mvua. Pale stesheni, kabla treni haijaondoka, Eliya aliigeuza pete mbele ya mama yake. Kule aendako, alisema, watu wako nyuma yetu kwa saa nane. Mshale mwekundu ukifika kwenye sita ya pete, kule ni alfajiri, saa kumi na mbili kwa hesabu yetu, na yeye ndipo anapoamka. "Mama, hapo uniombee." Tangu siku ile, kila saa nane mchana, shambani au nyumbani, mama huyu aliutazama mshale ukifika kwenye sita akamwombea mwanawe anayeamka. Mwaka wa pili ikaja barua ofisini kwa mkuu wa wilaya. Homa ya mapafu. Wamemzika huko huko.

"Kumbe uliposema yuko Kanada..."

"Yuko Kanada," mzee akasema tena.

Niliichukua saa. Niliwaambia hakuna kilichoharibika, hili ni jambo dogo, saa nane nyuma, naweza kuirudisha papo hapo. Nikaigeuza pete. Iligeuka bila taabu yoyote, kwa kuwa nilikuwa nimeisafisha vizuri. Nikaisimamisha mshale mwekundu ukisoma sita, nikampa mama.

"Hapo, mama. Ni palepale."

Aliitazama, akapitisha kidole kwenye pete, ikasogea kidogo. Zamani ilikuwa haisogei.

"Saa nane mimi naijua hata kwa jua, mwanangu," akasema. "Lakini hii ilikuwa imewekwa na mkono wake. Hakuna mtu aliyeigusa. Hata Baba Eliya alipokuwa akinawa, alikuwa anaivua. Sasa hii umeiweka wewe."

Alinirudishia. Hakulia. Alisimama akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia anapasua kuni.

Nilimwomba mzee msamaha. Akanijibu kwamba nilifanya kazi yangu, na kazi niliifanya vizuri. Nikamnyooshea saa yake. Akaukunja mkono wangu juu yake.

"Uliipenda tangu siku ile, tuliona. Nenda nayo. Kwetu sasa inasema saa tu."

Mtu mwenye adabu hukataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, akakataa na ya tatu. Mimi nilikataa mara moja tu.

Ijumaa nilipanda treni ya kurudi Morogoro. Kimamba ilipita, mkonge ukapita, mtu akaniuliza saa nikamwambia sina. Nyumbani mke wangu alinitazama usoni, safari hii hakuniuliza habari za mikono. Saa nyingine sita niliziuza moja moja kabla ya mwaka kwisha, na sijatafuta nyingine.

Nilichojifunza ni kitu ambacho mama yangu alinifunza nikiwa sijaota meno yote: kuuliza si ujinga. Siku hizi mteja akiniletea saa, kabla sijaifungua namuuliza ni ya nani, na kama kuna kitu ndani yake au juu yake nisichopaswa kukigusa. Wengi hunicheka. Mmoja aliniambia, "Fundi, wewe safisha tu." Nikamuuliza tena.

Ya Eliya ninayo bado. Mara mbili nilianza safari ya kuirudisha Kilosa, na mara zote mbili niliishia stesheni, maana nilishindwa kujua nitakuwa nawarudishia nini. Saa nane mchana naacha kazi, naitoa kwenye kitambaa chake, naangalia. Pete iko palepale, mshale mwekundu sawasawa kwenye sita. Siigusi, na watoto nimewakataza kuigusa. Lakini pale ilipo, ni mimi niliyeiweka.