Kiti Kimoja cha Alhamisi

Faraj Ghassan alifanya kazi Kilindini miaka thelathini na mmoja, kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia sahihi karatasi asiyoisoma hadi nukta ya mwisho. Huishika kwa mikono miwili, huisoma midomo ikicheza, foleni nyuma yake inalaani, na yeye wala habari hana.

Basi mtu huyo huyo, Jumatatu asubuhi, akiwa kwa kinyozi Mji wa Kale, povu limemjaa kidevuni, akapata ujumbe wa simu. Ulianza kwa salamu ndefu na dua, kisha ukamjulisha kwamba ndege yake ya kwenda Maskati sasa itarushwa na shirika jingine, ukamwomba akubali. Faraj kalelewa kwa adabu. Anayekuamkia vizuri vile humwachi bila jibu. Akabonyeza "Nakubali", akamrudishia kinyozi kidevu chake.

Mchana ndipo Mona, mkewe, alipoifungua tikiti mpya akapiga ukelele. Walikuwa wafike Alhamisi. Sasa watafika Jumamosi. Na Abrar, binti yao wa pekee, anaolewa huko Ijumaa baada ya Alasiri, na walii wa kumwoza ni baba yake.

Tangu saa hiyo Faraj hakukaa kitako. Chai ilipoa mbele yake. Aliipigia simu kampuni ya mtandaoni iliyomuuzia tikiti, wakamwambia aulize shirika. Shirika jipya likamwambia tikiti si yao, amuulize aliyemuuzia. Alizunguka sebuleni kwenda na kurudi mpaka Mona akamwambia atalitoboa zulia. Jumanne ofisi zilipofunguliwa tu, wakapanda tuktuk hadi kwa shirika la kwanza, lile lenye jina lake kwenye tikiti.

Karani alikuwa msichana aitwaye Awino, aliyeisoma kompyuta yake kwa utulivu uliomchoma Faraj.

"Mzee, hapa naona ulikubali mabadiliko."

"Nilikubali, sikatai." Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Lakini nami nakuuliza, mwanangu. Kontena likihamishwa meli katikati ya njia, mwenye mzigo humuuliza nani?"

"Sijui, mzee."

"Humuuliza aliyetoa hati. Meli na iwe ya nani. Hati hii ina jina la nani?"

Awino akaitazama. "Letu."

"Haya. Na ukinipa habari ya meli mpya usinambie siku ya kufika, hujanipa habari. Nionyeshe basi, katika ujumbe ule, mahali palipoandikwa Jumamosi."

Awino aliusoma ujumbe mara mbili. Jumamosi haikuwamo. Akanyanyua simu, akazungumza na wakubwa wake kwa muda uliomtoa Faraj jasho, kisha akasema waziwazi: ikiwa abiria hakuelezwa kuwa siku imebadilika, kukubali kule hakumfungi. Shirika litamrudishia nauli yote, au limtafutie ndege nyingine bila kuongeza hata senti.

"Nauli siitaki. Nataka Alhamisi."

Vidole vya Awino vilikwenda mbio, kisha vikasita. "Alhamisi ipo, kupitia Nairobi. Lakini kiti ni kimoja tu, mzee. Wa pili atangoja Jumamosi."

Furaha ndiyo iliyomjia Faraj kwanza, tusimfiche. Alikuwa ameshinda. Kisha akageuka akamwona mkewe.

"Nenda wewe, Baba Abrar," alisema Mona. "Bila walii hapana ndoa." Aliyasema hayo huku akiukaza mkoba mapajani, na Faraj alijua kilichomo. Mwezi mzima Mona alikuwa akisaga liwa, ule mti wa kunukia, kwa mkono wake, kijiwe juu ya kijiwe, ya kumsinga mwanawe usiku wa kuamkia harusi. Hakutaka ya dukani. Hakuwa ameruhusu mtu mwingine hata kuigusa.

Faraj alikaa. Mara hii alikaa kweli.

"Mimi n'na ndugu yangu Ziad kulekule Maskati," akasema taratibu. "Naweza kumweka wakili wangu wa kumwoza Abrar. Wewe utamweka nani?"

Mona alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Andika jina la mama," Faraj akamwambia Awino.

Kisha akatoka nje, asimame wapi hajui, mara kwenye jua, mara kivulini, simu sikioni.

"Ziad, ndugu yangu, nakuweka wakili wangu umwoze binti yangu," akaanza, na alipofika kwenye jina la Abrar sauti ikamkatika, ikabidi aanze upya.