Fundi Pancha wa Bilele Anayetunza Masikio ya Ziwani

BUKOBA, Agosti 1960

Saa moja na nusu asubuhi. Ndani ya banda la mabati karibu na gati la Bukoba, Saburi Uledi amepiga magoti kando ya mtumbwi mkuukuu uliojazwa maji. Mtumbwi huu hauendi popote. Umewekwa juu ya mawe manne, na ndani yake umelazwa mpira mrefu mweusi, mnene kama kifundo cha mkono, ambao Saburi anauzamisha taratibu, shubiri kwa shubiri.

Ncha moja ya mpira imefungwa kwa kizibo. Nyingine imeunganishwa na pampu ya baiskeli. Anapampu mara tatu, anaacha pampu, anainama hadi shavu lake linakaribia kugusa maji.

"Hapa," anasema, na kufunga uzi mwekundu mahali ambapo mwandishi wa habari hizi hakuona chochote. "Jicho hudanganywa na mwanga. Shavu halidanganyiki. Kipovu kikipasuka, hata kiwe kidogo namna gani, nakisikia kwenye ngozi."

Kwa miaka ishirini na mitatu Saburi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, alikuwa akiziba pancha za baiskeli chini ya kibaraza cha nyumba yake mtaani Bilele. Babu yake alifika Bukoba kutoka Pwani akiwa mpagazi, akaoa hapa, akazikwa hapa. Saburi mwenyewe hajaiona bahari. Shule alisoma miaka miwili tu.

Leo ndiye mtu pekee katika jimbo hili anayeaminiwa kuufungua mpira huu na kuufunga tena.

Mpira una urefu wa futi mia tatu. Ndani yake mna vyombo kumi na sita vya kunasia sauti, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtoto, vimeungwa kwa nyaya na kuzungukwa na mafuta. Wataalamu wana jina lao refu kwa vyombo hivyo. Mabaharia wa boti ya utafiti huviita masikio, na sasa kila mtu huviita hivyo.

Kazi ya mpira huu inaelezwa vizuri na Lameki Rugaibula, karani wa utafiti, kijana wa Buhembe aliyesoma shule ya misheni ya Kilutheri.

"Boti inauburuta mpira nyuma yake," anasema Lameki. "Tunalipua baruti kidogo majini. Sauti inashuka, inagonga sakafu ya ziwa, na sehemu yake inarudi. Lakini nyingine inapenya tope, inaendelea kushuka mpaka inagonga mwamba, nayo inarudi, imechelewa kidogo. Masikio yanazisikia zote. Mashine inachora kwenye karatasi. Ukijua imechelewa kiasi gani, unajua mwamba uko chini kiasi gani. Hujachimba hata shimo moja."

Utafiti huu ulianza Januari mwaka huu, na ulikuwa na sababu.

Miaka miwili iliyopita, gati jipya lilijengwa katika ghuba ya Kaishebo, pande za Muleba, ili wakulima wa huko wasibebe tena kahawa kichwani mwendo wa siku nzima. Liliishi miezi saba. Asubuhi moja, magunia yakiwa yamepangwa juu yake na wapagazi wakiwa kazini, nguzo zilizama kwenye tope na gati likalala ubavu.

Mwijage, mpagazi wa kahawa, alikuwa katikati ya gati. Nguzo ilimwangukia mguuni, mguu ukavunjika mahali pawili.

"Waliotujengea walisema wamefika kwenye mwamba," anasimulia Mwijage, ambaye sasa anatembelea fimbo. "Walikuwa wamefika kwenye tope gumu. Chini yake kulikuwa na tope jingine laini. Nani angejua? Hakuna mtu anayeona chini ya ziwa."

Mtaalamu wa miamba aliyetumwa kutazama chini ya ziwa ni Bwana Tolland, Mwingereza mrefu mwenye maneno machache. Alipewa boti kwa majuma sita. Katika juma la kwanza mambo yalikwenda vizuri, hadi mpira ulipokwaruzwa na miamba karibu na kisiwa cha Musira na kuchanika sehemu nne.

Vipuri vingechukua miezi mitatu kufika kutoka Ulaya. Bwana Tolland akanunua mpira wa kawaida wa kupitishia maji, akaunga vipande, akajaza mafuta kama awali.

Hapo ndipo masikio yalipoanza kufa. Maji yalipenya kwenye viungo, yakafika kwenye nyaya. Waliziba, kiraka kikabanduka. Wakaziba tena, kikabanduka tena. Mwishoni mwa juma la nne, masikio kumi na moja kati ya kumi na sita yalikuwa kimya, na karatasi zilizotoka mashinani, kwa maneno ya Lameki, zilikuwa "kama uwanja uliopekuliwa na kuku."

Jumatatu ya juma la tano ikaja telegramu kutoka Dar es Salaam. Kama hakuna karatasi safi ifikapo Jumamosi, boti irudi, na gati lijengwe upya palepale pa zamani kwa nguzo ndefu zaidi.

Jioni ile Lameki alikwenda Bilele kununua solusheni ya kuzibia pancha. Alitaka tyubu ishirini.

"Nilimuuliza, bwana mkubwa, una baiskeli ngapi?" Saburi anakumbuka huku akicheka. "Akaniambia si za baiskeli, ni za mpira wa ziwani. Kila wakiweka kiraka kinatoka. Nikamwambia, kiraka hakitoki bure. Nipeleke nikauone."

Kesho yake, Jumanne asubuhi, aliingia bandani kwa mara ya kwanza. Hakuutazama mpira. Aliunusa.

"Nani ametia mafuta ya taa humu?" akauliza.

Lameki akatafsiri. Bwana Tolland akajibu kwamba ni mafuta ya aina hiyo, mepesi, na ndiyo yanayotumika siku zote.

"Kwa mpira uliotoka nao kwenu, labda," Saburi akasema. "Kwa mpira huu wa dukani, hapana. Mpira wa utomvu wa miti na mafuta ya taa ni maadui. Unavimba, unalegea, halafu unatema kiraka. Tieni mafuta ya nyonyo."

Bwana Tolland alitaka kujua fundi baiskeli ameyajuaje hayo. Saburi hakubishana naye. Alikata vipande viwili vya mpira uleule, akatumbukiza kimoja kwenye bakuli la mafuta ya taa na kingine kwenye mafuta ya nyonyo, akaomba vitazamwe kesho.

Jumatano asubuhi, kipande cha kwanza kilikuwa kimevimba na kulainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Cha pili kilikuwa kama kilivyokatwa.

"Niliona aibu kidogo," Bwana Tolland anakiri leo, kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Mimi nasoma vitabu vingi. Yeye anasoma mpira. Nikamuuliza, galoni ngapi unaweza kupata?"

Zilihitajika galoni ishirini, yaani madebe matano, kwa siku mbili. Saburi akasema zitapatikana. Kisha akaenda nyumbani kumweleza mkewe, Ashura.

"Baba Shamsia," Ashura akamwambia, "umeahidi mafuta usiyokuwa nayo?"

"Nimeahidi."

"Basi usisimame mlangoni. Nenda kwenye ghala la ngozi, wao hulainishia ngozi kwa nyonyo. Mimi nitawaita akina mama."

Ghala la ngozi lilitoa madebe matatu. Mawili yaliyobaki yalitafutwa chupa kwa chupa na kikombe kwa kikombe, Bilele, Buhembe na Kibeta. Kwa kuwa kila nyumba inayajua mafuta ya nyonyo kama dawa ya kuharisha, maneno hayakukosekana. Huko Kibeta, bibi mmoja aitwaye Kokubanza aliwasikiliza wageni wake mpaka mwisho, akatoa chupa yake, kisha akauliza kwa upole, kwa neno la heshima la Kihaya:

"Waitu, kwani ziwa limefunga choo?"

Ashura anasema walicheka mpaka barabarani. Lakini yeye ndiye aliyeiokoa kazi mara ya pili. Mafuta yanayokamuliwa nyumbani huchemshwa pamoja na maji, na maji kidogo hubaki ndani yake. Tone moja tu lingetosha kuua masikio.

"Nilimwambia mume wangu, usimimine bado," anasema Ashura. "Nikayarudisha jikoni, sufuria moja baada ya nyingine. Mafuta yakiwa na maji hulia. Unayasikiliza. Yakinyamaza kabisa, ndipo unaepua. Alhamisi nzima nilikuwa nikisikiliza sufuria."

Saburi naye alikuwa akiziba. Alisugua kila kiungo kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri ikauke mpaka isishike kidole, akaweka kiraka, akafunga kwa utepe wa tyubu kuukuu uliovutwa kwa nguvu. Viungo kumi na viwili, matundu tisa. Alikausha nyaya za masikio kwa joto la jiko la mkaa, akilisogeza na kuliondoa kwa mkono. Masikio yote kumi na moja yakafufuka.

Ijumaa mchana waliingiza mpira ziwani. Ukazama kama jiwe.

"Moyo wangu ulizama pamoja nao," anasema Saburi. Mafuta ya nyonyo ni mazito kuliko ya taa, na mpira unaoburuzwa chini sana hukwama kwenye miamba. Bwana Tolland alivua kofia, akakaa kwenye sanduku. Baharia mmoja akasema kwa sauti kwamba fundi pancha arudi kwenye pancha zake.

Saburi aliomba mpira uvutwe tena. Nje yake ulikuwa umezungushiwa vipande vizito vya madini ya risasi ili usielee. Akaanza kuvibandua, kimoja huku, kimoja kule, akiomba urudishwe majini kila mara, akiupima kwa viganja vya mikono yake ukingoni mwa boti. Vipande thelathini na nane vilipotoka, mpira ulitulia futi sita chini ya maji, haupandi wala haushuki.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa Kaishebo. Vijiji vya ghuba vilikuwa vimeambiwa tangu siku iliyotangulia visitoe mitumbwi. Baruti ya kwanza ikalipuka, maji yakainuka kama mti mweupe, yakaanguka. Lameki alikuwa kwenye chumba cha mashine.

"Nilihesabu mistari, kila sikio na mstari wake," anasema. "Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Yote inasema. Nilitoka nje mbio nikasahau kwamba Mzee Saburi amenizidi umri mara mbili. Nikamkumbatia."

Walipita ghuba ile mara ishirini na mbili kwa siku tatu, kwani baada ya karatasi za kwanza hakuna aliyezungumza tena juu ya kurudisha boti. Kisha Lameki akazitandaza karatasi zote, moja kando ya nyingine, kwenye sakafu ya banda.

Kila moja ilionyesha sakafu ya ziwa ikiwa tambarare. Chini yake mwamba ulikuja juu kiasi, ukashuka ghafla, ukapanda tena upande wa pili. Kwenye karatasi iliyofuata bonde lilikuwa pale tena, limesogea kidogo. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Lilikuwa linapinda.

Saburi alipiga magoti akalifuata kwa kidole kutoka karatasi hadi karatasi.

"Huu ni mto," akasema.

Bwana Tolland hakusubiri tafsiri ya Lameki. "Ndiyo," akajibu. "Mto wa zamani, kabla ya ziwa."

Gati la zamani lilikuwa limejengwa juu ya mto huo uliofukiwa kwa tope. Mwamba ulikuwa futi tisini na nne chini ya sakafu ya ziwa; hakuna nguzo, hata iwe ndefu kiasi gani, ambayo ingeufikia. Hatua mia nne upande wa kaskazini, mwamba ulikuwa futi kumi na tisa tu. Mwezi Machi bomba la kuchimbia lilishushwa hapo kuhakikisha. Liligonga mwamba futi ya ishirini.

Nguzo za gati jipya zimeanza kusimamishwa tangu Juni. Mwijage huenda kila Jumatatu na fimbo yake kutazama.

"Nguzo ikigonga mwamba, unaisikia miguuni ukiwa ufukweni," anasema. "Ninasimama pale ili niisikie. Namwambia kila mtu, mwamba ule alitutafutia Mzee Saburi wa Bilele."

Saburi sasa ameajiriwa na utafiti. Kwenye daftari la wafanyakazi Lameki ameandika cheo ambacho hakikuwapo kabla: Fundi wa Masikio. Mwaka huu Saburi amemwezesha binti yake, Shamsia, kuendelea na shule ya kati. Kibaraza chake bado hakijafungwa. Kila Jumapili huziba pancha, kwa kuwa, anasema, wateja wa miaka ishirini na mitatu hawaachwi njiani wakisukuma baiskeli.

Alipoulizwa anajivunia nini zaidi, hakutaja gati wala cheo.

"Yule baharia aliyeniambia nirudi kwenye pancha," anasema, "juzi aliniletea tyubu yake. Alisema, fundi, nifundishe na mimi. Nimemfundisha. Anaanza kujua."

Mwezi ujao boti itatoka kwenye ghuba ya Kaishebo na kuelekea kisiwa cha Bumbire. Bwana Tolland anataka kupima mwamba wa huko. Saburi ameomba jambo moja, na amekubaliwa: wakiwa njiani, wapite juu ya ule mto na kuufuata kadiri karatasi zitakavyotosha.

Anasema hajawahi kuomba safari yoyote maishani mwake.

"Kaishebo tumeuona ukitoka upande wa nchi kavu, ukapinda kulia, ukaelekea katikati ya ziwa," anasema, akichora kwa kidole kwenye vumbi la banda. "Nataka kujua ulikuwa ukienda wapi."